Tenda Wema Nenda Zako, na Aliyetendewa Aende Wapi?

Ndugu msomaji, methali ya "tenda wema nenda zako, usingoje shukrani" tumeimbishwa tangu shule ya msingi. Mwalimu anasema nusu ya kwanza, darasa zima linamalizia nusu ya pili, kazi imekwisha, tunafungua daftari. Lakini hebu tuitazame vizuri. Methali hii inazungumza na mtu mmoja tu, yule aliyetoa. Inampa amri ya kutenda, halafu inampa ruhusa ya kuondoka. Yule aliyepokea anabaki amesimama na kitu mkononi, wala hakuna anayemwambia akifanyie nini.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu nilipotazama picha moja iitwayo A Small Act, yaani Tendo Dogo. Ni picha ya maisha halisi, hakuna waigizaji. Imeongozwa na Jennifer Arnold wa Marekani, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 2010 katika tamasha la filamu la Sundance. Si picha mpya, najua. Sisi wa Mjimwema vitu vingi hutufikia vikiwa vimepoa, lakini hiyo haituzuii kuvijadili.

Tuliitazama watu watano, Jumamosi jioni, kwenye kompyuta ya mshikaji wetu mmoja. Wanne tulikuwa vijana wa kijiwe chetu cha waandishi, hawa ambao kila wiki tunasomeana tulichoandika na kugombana mpaka usiku. Wa tano hakualikwa. Ni mama jirani, muuza vitumbua, aliyekuja kuomba kiberiti akakuta picha inaanza, akavuta kigoda. Kwa kuwa maneno mengi yalikuwa Kiingereza, na penye Kikikuyu maandishi ya chini nayo ni Kiingereza, mmoja wetu akageuka mkalimani. Mama huyo ndiye aliyesema neno lililonifanya niandike uhakiki huu. Nitalifikia.

Kwanza kisa chenyewe. Miaka ya 1970, katika kijiji cha Mitahato, Kiambu, nchini Kenya, alikuwapo mtoto aitwaye Chris Mburu. Darasani alikuwa moto, nyumbani ada hakuna. Huko Sweden alikuwapo mwalimu wa watoto wadogo, Hilde Back, ambaye aliingia katika mpango wa kumsaidia mtoto wa mbali asome. Alikuwa akituma kama dola 15 kwa muhula. Hakuwa tajiri. Ni mwalimu wa chekechea mwenye mshahara wake, anapunguza kidogo anatuma. Mburu akasoma sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Harvard kusomea sheria, akawa mtetezi wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mburu na wenzake wakaanzisha mfuko wa kuwalipia ada ya sekondari watoto maskini wenye akili. Mfuko ukapewa jina la Hilde Back, mtu ambaye Mburu hakuwahi kumwona kwa macho. Ndipo akaanza kumtafuta, akisaidiwa na ubalozi wa Sweden nchini Kenya. Hilde akapatikana, mzee lakini mzima, na mwaka 2003 akaenda Kenya kupokewa kijijini kwa nyimbo.

Alipopatikana ndipo yakajulikana mengine. Hilde alikuwa Myahudi, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922. Wanazi walipoanza kuwasaka Wayahudi, Sweden ilimpokea yeye kwa kuwa bado alikuwa kijana. Wazazi wake hawakuruhusiwa. Walifia katika kambi za Wanazi. Yaani mwanasheria aliyekuwa akipambana na chuki za kikabila na mauaji ya halaiki alikuwa amesomeshwa na mtu aliyenusurika mauaji hayo, na wote wawili hawakujua. Hilde naye hakujua kama yule mtoto alifika Harvard. Alidhani amefanya jambo dogo tu. Alifariki Januari 2021, akiwa na miaka 98.

Sasa twende kwenye uhakiki.

Sifa ya kwanza naitoa kwa muundo. Mimi ningeipewa hadithi hii, ningeimalizia pale Hilde anapokutana na Mburu. Bibi analia, kijana analia, watazamaji tunalia, mwisho. Na ninyi mngefanya hivyohivyo, msibishe. Asilimia kubwa ya hadithi tunazosomeana kijiweni zina mwisho huo. Stelingi anasaidiwa akiwa maskini, anapotea miaka mingi, anarudi na gari, anamjengea aliyemsaidia nyumba ya bati jipya. Wema umelipwa, hesabu imefungwa.

Jennifer Arnold hakufanya hivyo. Kukutana kwao anakuweka mapema, halafu anatupeleka kwenye shule ya msingi ya kijijini, kwa watoto watatu wanaosubiri mtihani wa kumaliza darasa la nane. Huo ni ule mtihani wa KCPE, ambao Kenya iliutumia mpaka mwaka 2023. Alama za juu kabisa zilikuwa 500. Watoto wote watatu ni vinara wa shule yao. Wote watatu hawana ada. Mfuko una nafasi chache, na una kiwango cha alama. Kuanzia hapo picha inabadilika. Ulikuwa unatazama hadithi ya shukrani, sasa unatazama hadithi ya mchujo, na moyo unakudunda kuliko hata picha za mapigano.

Ni hapo mama wa vitumbua aliposema neno lake. Alisema: "Kwa hiyo wema nao una mtihani?"

Tukacheka. Halafu tukanyamaza.

Mshikaji mmoja akajaribu kumweleza kwamba fedha ni kidogo, watoto ni wengi, lazima pawe na kipimo, na kwamba hata Mburu mwenyewe alisaidiwa kwa kuwa alikuwa hodari darasani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Haya mwanangu, na wewe ungepita hapo?"

Ndugu msomaji, nisingepita. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017 nikapata daraja la nne. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa tangu Januari 2016, hivyo siwezi kusingizia ada. Lakini ada ikifutwa, daftari hazifutwi, wala viatu, wala njaa ya saa saba mchana. Kidato cha tatu nilikuwa naandika masomo mawili katika daftari moja, mbele Historia, nyuma Kiswahili, yanakutana katikati. Mama huyuhuyu aliliona daftari lile siku moja nilipokuja kununua kitumbua cha mia. Kesho yake alinipa kaunta buku mbili. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi darasani. Alisema tu, "Haya, zijaze."

Moja nilijazia masomo. Nyingine nilianzia riwaya.

Kwa hiyo swali lake lilinichoma, na nadhani ndilo swali kubwa la picha hii. Je, wema ni zawadi ya anayestahili, au ni kitu kinachomkuta yeyote aliye karibu? Ubora wa A Small Act ni kwamba haikwepi swali hilo. Haitwambii kuwa kiwango cha alama ni kibaya, wala haitwambii ni kizuri. Inatuonyesha watu wema wamekaa mezani na karatasi za matokeo, na unaona wazi kwamba wanaumia. Hapo hakuna adui. Mhusika mbaya ni uchache wa fedha. Waandishi wenzangu, hebu tujifunze hapo. Sisi tukitaka mvutano lazima tumlete mjomba mwenye roho mbaya au mama wa kambo. Kumbe watu wema watupu, wakiwa na nafasi chache kuliko watoto, wanatosha kuleta mvutano wa kukunyima usingizi.

Sifa ya pili ni jinsi picha inavyouweka wema huu katika historia. Watoto walifanya mtihani mwaka 2007, na Desemba 27 mwaka huohuo Kenya ikafanya uchaguzi uliofuatiwa na mauaji. Watu waliokuwa majirani wakachomeana nyumba. Picha haikuyaruka hayo. Ndipo unapoelewa kwamba kwa Mburu elimu si cheti cha kupatia kazi tu. Anaona kwamba kijana asiyesoma ni rahisi kupewa panga na kuambiwa adui yako ni fulani. Na aliyemsomesha yeye ni binti aliyefiwa na wazazi kwa sababu taifa zima lilikuwa limeambiwa adui yako ni fulani. Dola 15 za muhula zinakutana na historia kubwa namna hiyo bila mtu kupaza sauti. Huo ni ufundi.

Niruhusuni nilinganishe na picha nyingine, Pay It Forward, ya mwaka 2000, iliyotokana na riwaya ya Catherine Ryan Hyde ya mwaka 1999. Humo mtoto wa shule anabuni mpango: msaidie watu watatu, kila mmoja wao asirudishe kwako bali asaidie wengine watatu. Tatu, tisa, ishirini na saba, themanini na moja. Kwenye ubao inapendeza kweli. Wengi wetu tulipenda. Lakini hiyo ni hesabu, na wema hauendi kwa hesabu. Katika A Small Act mnyororo hauendi tatu kwa tisa. Mmoja anamsaidia mmoja, miaka inapita kimya, halafu yule mmoja anajitahidi kusaidia wachache, na wengine wanabaki nje ya mlango. Ni polepole na ina mapengo. Mimi naiamini hii ya pili.

Na fasihi yetu je? Chukua Adili na Nduguze ya marehemu Shaaban Robert. Adili anawatendea ndugu zake wema juu ya wema, nao wanamlipa kwa hila mpaka wanageuzwa manyani. Ni kitabu kikubwa, sikidharau hata kidogo. Lakini angalieni, hapo anayepokea wema ni kipimo cha anayetoa. Ama atashukuru, ama atakuwa punda mwenye mateke. Hadithi nyingi za Kiswahili tulizosoma zimekaa katika njia hizo mbili: malipo au usaliti. Njia ya tatu, ya mtu kupokea kwa huyu na kutoa kwa yule, haina wasafiri wengi katika vitabu vyetu. Katika maisha yetu ina wasafiri tele.

Hapo ndipo na mimi nitailaumu picha hii kidogo. Mtu akiitazama bila kuijua Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba wema ulifika Kiambu kwa barua kutoka Ulaya. Si kweli. Kiambu hiyohiyo, miaka ya 1930, Wakikuyu walijenga shule zao wenyewe kwa michango yao, nje ya shule za misheni, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha ualimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ikaja kuzifunga wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1952. Baada ya uhuru Kenya nzima ikajaa shule za Harambee, matofali ya huyu, bati la yule, kuku wa bibi fulani umepigwa mnada kununua madawati. Kijiji kilichompokea Hilde kwa nyimbo hakikuwa kinajifunza kutoa kwa mara ya kwanza. Picha haikai hapo. Majirani wapo, lakini wapo kama watu wa kupiga makofi. Ningependa kumwona hata mmoja wao akitoa kitu, tujue kwamba dola 15 ziliingia mahali ambapo mkono wa kutoa ulikuwapo tayari.

Na kabla hatujawacheka wa Marekani kwa kutoyaona ya Kiambu, sisi tumeyaandika ya kwetu? Hapahapa wilayani Songea, miaka ya 1960, vijana waliokuwa wa Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja na kugawana. Wengine walipotaka kuanza kama wao, watu wenye uzoefu walitoka kwenda kukaa nao na kuwasaidia, na vijiji vikaongezeka mpaka vikawa na umoja wao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwaka 1969 chama hicho kikavunjwa na wakubwa. Wazungu wameandika vitabu juu ya jambo hilo. Mimi nimezaliwa Songea na nilifika kidato cha nne bila kusikia neno Litowa darasani. Iko wapi riwaya yetu ya mtu wa Litowa aliyefunga mzigo kwenda kuwaonyesha wageni namna ya kuanza? Kuna mzee kijiji fulani anayekumbuka. Nani kati yetu atamfuata na kalamu?

Sasa narudi kwa mama wa vitumbua, maana niliahidi kusema kweli.

Siku ya pili yake nilimfuata asubuhi kwenye jiko lake. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba miaka yote hii nilikuwa napanga kumrudishia zile kaunta buku. Si kaunta buku zenyewe, nikamwambia, bali kitu kikubwa, nikitoka kimaisha. Na nikamkiri kwamba riwaya yangu inahusu hilo. Stelingi ni kijana aliyesaidiwa na bibi muuza dagaa wa Nyasa, na sura ya mwisho kijana anarudi kutoka Dar na gari anamjengea bibi nyumba.

Mama aligeuza vitumbua vyote kwanza, maana moto haungoji mazungumzo. Halafu akaniambia kwamba alipofika mjini mara ya kwanza, hana kitu, mwanamke mmoja wa Lizaboni alimpa kilo mbili za mchele na kikaango, akamwambia anza na hivi. Baada ya miezi michache akapata cha kurudisha. Akaenda. Yule mwanamke alikuwa amehama, na hakuna aliyejua amehamia wapi.

"Nikarudi na mchele wangu kichwani," akasema. "Ningeula peke yangu ungenishuka?"

Nimelitafakari jambo hili sana, na naona ndipo siri ya picha nzima ilipo, ingawa picha yenyewe haiitamki. Hilde Back hakuwa na wa kumlipa. Aliokolewa na nchi ngeni, wazazi wake hawakuokolewa, deni lake lilikuwa halina mlango wa kurudia. Likatafuta mlango mwingine, likaingia Mitahato. Mburu naye alianzisha mfuko kabla hajajua kama Hilde yu hai. Alipompata, alikuwa amekwisha kuanza kutoa. Wema ukikosa njia ya kurudi nyuma, unaweza kwenda mbele. Ukipata njia ya kurudi, tunaurudisha haraka, tunafunga hesabu, tunalala usingizi. Pengine ndiyo maana hadithi zetu za nyumba ya bati zinaisha vizuri na hazimfanyi msomaji afanye lolote. Amelipwa, sisi yatuhusu nini?

Wale waliotazama picha hii walipotoka ukumbini, wengi walianza kuuchangia ule mfuko. Hawakuwa na deni kwa Mburu wala kwa Hilde. Walichokiona ni watoto waliobaki nje ya mlango. Mwongozaji angewaficha wale watoto, watu wangefuta machozi wakaenda kula chakula cha usiku.

Kwa hiyo nimeichana sura yangu ya mwisho. Kurasa 14, ziliniuma. Bibi wa dagaa hatajengewa nyumba. Kijana akirudi atakuta genge lake lina mtu mwingine, na itambidi ashuke mle mtaani na deni lake mkononi atafute pa kuliweka. Sijui ataliweka wapi. Bado naandika.

Na kwa kuwa ni aibu kumtuma mhusika mahali ambapo mwenyewe hujafika, wiki iliyopita nilinunua kaunta buku moja, ndiyo iliyokuwa ndani ya uwezo wangu, nikampa dogo mmoja wa hapa Mjimwema anayependa kusimama mlangoni tukisomeana hadithi. Nilitaka kumwuliza anashika nafasi ya ngapi darasani. Swali lilinifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza, nikamwambia aijaze.

Ukiipata picha hii, itazame, na usiitazame peke yako. Mwite na jirani mwenye kigoda chake. Kisha tuletee kijiweni hadithi ya mtu aliyepokea, siyo ya aliyetoa. Naomba kutoa hoja.